Turubai Kabla ya Msiba

Watu wa mikoa mingine hutucheka Wapare kwamba tunaweza kuuza ng'ombe ili kuendesha kesi ya kuku. Utani huo nimeusikia shuleni, nimeusikia kwenye basi, nimeusikia mpaka India, kwa kijana mmoja wa Tanga niliyesoma naye udaktari huko, na miaka yote nilicheka. Sasa sicheki. Nina kesi yangu, na kama ningekuwa na ng'ombe ningemuuza.

Mshitakiwa wa kwanza ni neno. Neno lenyewe ni "ameruhusiwa".

Nilikuwa mwaka wa tano. Nilirudi likizo, nikashuka Same jua likiwa kali, na nikiwa stendi nasubiri gari la kupanda milimani, mjomba akanipigia simu. Mama mkubwa, dada yake, aliyenilea tangu mama yangu alipofariki, alikuwa amelazwa katika hospitali moja ya huku tambarare. "Dada ameruhusiwa!" mjomba alisema, kwa sauti ambayo hata wauza maji waliisikia. "Tuko naye nyumbani. Wahi, tunafanya shukrani." Nilimshukuru Mungu palepale, nimeshika begi, machozi yananitoka.

Kwetu mtu akiruhusiwa hospitalini tunaelewa kwamba amepona. Aliyepona anaruhusiwa. Lakini na yule ambaye wamemshindwa, wanataka kitanda chao, naye anaruhusiwa. Neno ni lilelile. Daktari anatia sahihi, ndugu wanakunja mashuka wakishangilia, wanampigia simu mwinjilisti aje na kitabu cha nyimbo.

Nilifika kijijini kwetu, juu ya Gonja, nikakuta uani kumejaa watu. Ibada imekwisha, makande yanapakuliwa, kuku wamechinjwa. Watu wote walikuwa nje. Ndani, kwenye chumba cha nyuma, alikuwepo mwenye shukrani zake, peke yake.

Niliposukuma mlango, harufu ilinipokea kabla yake. Walikuwa wamechoma maganda ya machungwa na majani ya mkaratusi kuifukuza, wapi. Saratani ya titi ilikuwa imepasua ngozi, kidonda kimefunikwa kitambaa. Alikuwa amelala ubavu, ameelekea ukutani, ameuma pindo la khanga yake kwa meno.

"Shikamoo, mama."

Aliitoa ile khanga mdomoni kwanza. "Marahaba, mwanangu. Umefika? Wamekupa kuku?"

Juu ya stuli palikuwa na pakiti za Panadol. Hiyo ndiyo dawa aliyopewa. Mtu ana kidonda cha kuingia ngumi, anapewa dawa ya kichwa, halafu anaambiwa amshukuru Mungu.

Nilitoka nikamfuata mjomba nyuma ya nyumba, kwenye migomba, alikokuwa akinawa mikono. Mjomba ni mtu wa heshima zake. Mwenyekiti wa kamati ya ukoo, anavaa koti hata wakati wa joto, na hajawahi kumpandishia mtu sauti maishani mwake.

"Mjomba, daktari alisema nini?"

"Alisema apumzike nyumbani."

"Alisema nini hasa?"

Alijifuta mikono taratibu. "Aliniita pembeni, kwenye korido. Akasema hakuna cha kufanya tena. Hata hakusimama, alikuwa anatembea."

Kumbe alijua. Ile sauti ya furaha iliyonifuata mpaka stendi alikuwa ameiigiza, na uani kulikuwa na watu wanaokula kuku wa kupona kwa mtu ambaye mwenyekiti wao anajua haponi. Nilimuuliza kama mwenyewe ameambiwa.

"Ameambiwa nini? Umwambie mtu kwamba anakufa? Ndiyo mnayofundishwa huko, kuchulia watu?"

"Mjomba, kuna kitu kinaitwa huduma shufaa..."

"Shufaa ndiye nani?"

Siku nyingine ningecheka. Siku hiyo nilitaka kuupiga teke mgomba.

Anayekulia kwetu halifahamu neno linalomtisha kuliko uchuro. Kumchulia mtu ni kumwitia baya kwa kulitaja. Kifo kwetu ni mbwa wa jirani, ukimwita kwa jina anakuja. Ndiyo maana mgonjwa anaambiwa "utapona tu" mpaka anakata roho, na wote wanaomwambia wanajua ni uongo, na yeye anajua wanajua. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Hawakutuambia tufanye nini na wanaomfichia mwenzao maradhi yaliyo mwilini mwake.

Lazima nieleze India, maana hasira yangu haikuanzia kwenye ile migomba.

Miezi michache kabla ya likizo, chuo kilitupeleka mafunzo kwenye vijiji vya kusini kabisa mwa nchi ile. Milima yake ni ya kijani kama yetu, kuna mafenesi yanayoning'inia kama ya kwetu Maore. Nilipangwa na kikundi cha hiyo huduma shufaa, kinachotembelea nyumbani wagonjwa wasiotarajiwa kupona. Nilidhani nitakuta madaktari bingwa. Nikakuta daktari mmoja mpole, sista mmoja, muuguzi mnene mwenye sauti ya kukwaruza, dereva wa bajaji, mwalimu mkuu mstaafu, na mama mmoja fundi cherehani. Hao ndio timu. Kila Jumatatu walikaa kwenye mkeka wakazungumza mgonjwa mmoja mmoja, na daktari alikuwa anasema mwisho. Nilisubiri aanze, nikachoka kusubiri.

Jumatatu ya kwanza walitumia muda mwingi kujadili mzee mmoja ambaye kutoka kitandani kwake haoni barabara. Maisha yake yote alikuwa na duka kando ya barabara hiyo. Walijadili dirisha, wakajadili mlango, wakabishana nani ana mikono ya kubeba kitanda. Mimi moyoni nawaka. Nimevuka bahari kuja kujifunza kuhamisha kitanda? Mchana dereva wa bajaji na mwalimu mkuu walikwenda wakakihamisha. Siku iliyofuata tulimkuta mzee amekaa, anamsema kila anayepita, na akaomba chai. Alikuwa hajaomba kitu kwa siku nyingi.

Na kila nyumba tuliyoingia, kabla hajagusa mgonjwa, sista aliuliza swali lilelile: nani anapika hapa? Jibu lilimwambia kila kitu, nani amechoka, nani amekimbia, nani analia jikoni.

Siku moja tukinywa chai barazani, wakaniuliza kwetu mambo yakoje. Nikajigamba, tena nikajigamba kweli. Nikawaambia kwetu hakuna kuomba watu wa kujitolea, sisi ni watu wa watu. Nikawasimulia msiba. Nikawaambia mtu akifariki mlimani kwetu, ndani ya saa moja turubai limefungwa, masufuria yako motoni, kuni zimefika, mahindi na maharage yamefika, vijana wako kaburini na majembe, kuna kamati ya chakula, kamati ya usafiri, kamati ya jeneza. Hakuna anayelala njaa wala anayelia peke yake. Na mkuu wa masufuria, nikasema kwa majivuno, ni mama yangu mkubwa.

Walinisikiliza vizuri. Dereva wa bajaji alitikisa kichwa kwa kustaajabu. Sista akaweka kikombe chini, akauliza kwa Kiingereza chake cha kukwaruza, "Na kabla ya kufa?"

Nikamjibu kwamba kabla ya kufa kuna familia. Akasema, "Ndiyo, lakini nani?" Nilikasirika, nikamwona ananidharau Mwafrika wa watu. Nikamaliza chai yangu, nikaenda kuosha kikombe.

Sasa nilikuwa nyuma ya nyumba yetu kwenye migomba, jibu la swali la sista nimelishika mkononi. Kamati tunayo, usafiri tunao, na mikono ya kubeba kitanda imejaa uani inakula makande. Ila imekubaliana haianzi kazi mpaka mtu afe.

Basi nikamwambia mjomba, "Itisha kamati ya msiba. Ikae leo."

Alinitazama kama nimemtukania mama yake. "Ikae kwa nani?"

"Kwa mama mkubwa. Kamati ya usafiri ikafuate dawa ya maumivu. Kina mama wa masufuria wapeane zamu za kumwogesha na kumgeuza. Anaoza ubavu mmoja, mjomba! Mna watu, mna gari, mna kila kitu!"

"Binti, unamchimbia kaburi mtu anayepumua."

Hapo sauti yangu iliruka. Sikumbuki nilivyofika uani, nakumbuka nimesimama mbele ya wageni wote nikipiga kelele. "Mkisubiri afe ndiyo mje mbio! Akifa mtakesha hapa, leo mmeshindwa hata kumgeuza!" Mama mmoja alijifunika mdomo. Mwingine akasema, "Huyu mtoto anachulia." Mwinjilisti, Mungu amsamehe, alianzisha wimbo ili kunifunika, na watu wakaupokea kwa nguvu kuliko walivyoimba kwenye ibada.

Kuta za nyumba ile ni za mbao. Ubeti wa pili haujaisha, sauti ikatoka chumba cha nyuma. Mama mkubwa alisema kwa Kipare, na Kipare chake hakikuwa na maneno ya kupakwa sukari. Alisema waache kelele. Kisha akauliza, "Turubai la ukoo liko wapi?"

Naomba msomaji aelewe. Harusi kwetu tunakodi turubai jeupe lenye mapambo, linapandishwa kutoka Same. Turubai la ukoo ni la buluu, linakaa stoo kwa mjomba pamoja na masufuria makubwa, na halitoki stoo ila kwa kazi moja.

"Dada," mjomba alisema akiwa mlangoni, "lile turubai..."

"Humu ndani kuna giza na kunanuka. Nataka kukaa nje, na jua siliwezi. Nililichagua mwenyewe sokoni Hedaru, nikapanda nalo kichwani. Lifungeni."

Kesho yake asubuhi wakalifunga. Walilifunga kwa aibu, kama watu wanaoiba, mmoja ameshika nguzo huku anaangalia pembeni. Tukambeba mama mkubwa na godoro lake tukamlaza chini yake, akiwa ameelekea bonde. Ukungu ulikuwa unapanda. Akafumba macho akavuta hewa.

Milima yetu inatazamana. Mtu akiwa upande huu anaona ua wa mtu wa upande ule, na sauti inavuka bonde vizuri kuliko simu. Haukupita muda tukasikia yowe ng'ambo. Likajibiwa na yowe jingine, chini zaidi. Nikaona khanga zinateremka kwenye vijia, zinapanda upande wetu.

Mama mkubwa alifumbua jicho moja. "Wanakuja," alisema. Hapo ndipo nilipojua kwamba habari ya jua kali ilikuwa nusu tu ya sababu.

Wa kwanza kufika alikuwa mama mmoja jirani, mzigo wa kuni kichwani, analia kwa sauti jina la marehemu. Aliingia uani mpaka chini ya turubai, na marehemu akamwambia, "Ziweke jikoni, asante." Kuni zilianguka zote. Nyuma yake wakaja wenye debe la mahindi, wenye maharage, wenye masufuria. Wakaja wanaume wa kaburi, majembe na sururu begani, wakasimama wameduwaa kwenye ukingo wa ua. Wengine waligeuka wakaondoka mbio, wakinong'ona uchuro. Wengi walibaki kwa sababu hawakujua mtu hufanya nini akimkuta marehemu anaongea.

Mimi nilikuwa nawahesabia moyoni kwa hasira. Yule mwenye mahindi, nyumba yake inaonekana kutoka dirishani kwetu, hajakanyaga hapa tangu ugonjwa uanze. Yule mwenye maharage amekaa benchi moja na mama mkubwa kwenye kwaya maisha yao yote. Nafasi walikuwa nayo. Kuni walikuwa nazo. Kumbe hata miguu walikuwa nayo, tena ya mbio.

Mama mkubwa aliwaangalia wale wa majembe. "Kwa kuwa mmekuja nayo," akasema, "shamba langu la tangawizi limesongwa na magugu. Nendeni."

Wakaenda! Wanaume wazima, mmoja nyuma ya mwingine, wakaenda kupalilia.

Kisha akawaambia wanawake wakae. Aliongea polepole, akipumzika kati ya maneno, na sitasahau. "Nimepika misiba yote ya mlima huu. Mlidhani sijui mtu anayekwenda anavyonuka? Mimi ndiye nilikuwa nachoma maganda ya machungwa kwa wenzangu. Lakini wale wote niliowapikia, hakuna aliyeonja. Mlikula ninyi. Mimi safari hii nataka kuonja." Akamgeukia mjomba. "Mwenyekiti, kikao."

Mjomba alisimama. Alikifungua kile kikao kwa maneno yaleyale anayofungulia vikao vyote, tangu nikiwa mtoto, ila alipofika pa kumtaja marehemu akakwama, akakaa. Dada yake ndiye aliyemalizia, akawapa watu kazi kama alivyozoea kuwapa, huyu maji, huyu kuni, huyu usiku, yule asiguse sufuria maana hajui chumvi.

Mimi na mjomba tuliteremka na Noah ya kamati ya usafiri mpaka ileile hospitali iliyomruhusu. Mimi mwanafunzi, siruhusiwi kuandika dawa, kwa hiyo nilisimama mbele ya daktari nikaeleza kwa adabu niliyoikodi. Akasikiliza. Akaandika mofini ya maji, dawa ya maumivu makali. Mtunza dawa akaenda kwenye kabati lenye kufuli mbili, akatoka na chupa. Ilikuwepo. Siku zote alizolala mama mkubwa wodini akiuma khanga, chupa ilikuwa ng'ambo ya ukuta. Nilimuuliza daktari kwa nini hakupewa. "Hamkuomba," alisema, na hakusema kwa ubaya, alisema kama mtu anayekueleza bei.

Dawa ilimpa mama mkubwa majuma yake. Hiyo nitaisema kwa haki, hata kwenye kesi ushahidi mzuri husemwa. Wanawake wa masufuria walijifunza kumgeuza bila kumuumiza, na kusaga vidonge vya flajili na kunyunyiza kwenye kidonda mpaka harufu ikakata. Walimwogesha, wakamsuka, wakamwimbia. Alionja kila kilichopikwa na hakuna alichokisifu. Turubai lilipauka kwa jua. Watoto wa shule wakawa wanapita chini yake kumwamkia, wakaacha kuliogopa.

Siku moja alimwonyesha mjomba kwa kidole anapotaka kuzikwa, na akamkataza sehemu ya migombani, kwamba maji yanatuama. Alisema hivyo kwa sauti, mchana, watu wakisikia. Mjomba aliniangalia, halafu akaangalia juu, anasubiri mbingu zianguke. Hazikuanguka. Akainama akamfunika dada yake miguu, na tangu siku ile hakuondoka pale chini ya turubai, yeye na koti lake.

Nilikuwa nimeanza kupoa, kusema kweli. Nilikuwa nimeanza kupanga nitakavyomsimulia sista.

Chupa ikakaribia kuisha. Mtu wa usafiri akateremka mapema, kama ilivyopangwa, na karatasi ya daktari mkononi. Akarudi mikono mitupu.

"Dawa ipo?" nikamuuliza.

"Ipo. Mwenye ufunguo ameenda semina. Wamesema turudi wiki ijayo."

Nilimfanya arudie, nikidhani nimesikia vibaya. Alirudia. Dawa ipo, kabati lipo, ufunguo uko semina. Tukapiga simu hospitali nyingine, tukaambiwa hawaweki dawa hiyo. Nikapiga simu mpaka simu ikaishiwa chaji. Tukapunguza dozi, tukaipunguza tena, na chupa ikakauka.

Wote waliokuwa chini ya turubai waliyaona yaliyofuata. Hapo ndipo yaliponibadilikia, maana zamani mateso kama yale yalifanyika chumba cha nyuma na watu wakala kuku uani. Safari hii hapakuwa na ukuta. Wanawake waliojua kumgeuza waliogopa kumgusa. Khanga ikarudi mdomoni. Mjomba alikuwa amemshika unyayo, kwa sababu ndiyo sehemu pekee aliyokubali kushikwa, na mama mkubwa akamwita jina lake la utotoni, kwa Kipare, akamwambia ayafanye maumivu yaishe.

Mjomba akasimama. Akafunga vifungo vyote vya koti, kama anavyofanya akienda baraza la kata kwenye kesi ya mpaka. Akaita kamati ya usafiri, akaita wale wa majembe, wakajaa kwenye Noah na kwenye pikapu ya kupeleka tangawizi sokoni, wakateremka. Mimi nilibaki naye.

Walichofanya huko nilisimuliwa. Hawakupiga kelele, hawakutukana mtu. Mjomba alikaa kwenye benchi nje ya ofisi ya mganga mkuu, na wenzake wakakaa sakafuni wakajaza korido yote, ileile korido. Kila aliyewauliza shida yao mjomba alimjibu, "Tunasubiri ufunguo." Wakaambiwa warudi wiki ijayo. Akajibu, "Tunasubiri ufunguo." Mpare na kuku wake. Mchana haujaisha, ufunguo ukaletwa na bodaboda kutoka huko semina. Kumbe ufunguo unaweza kupanda bodaboda. Siku zote ulikuwa unaweza.

Mama mkubwa alifariki jua likiwa bado juu, kabla hawajarudi. Hakufariki kwa utulivu, na sitaki mtu yeyote aniambie alilala. Nilikuwa nimemshika, mimi wa mwaka wa tano, na mikononi sikuwa na kitu.

Halafu kamati ikaanza kazi. Sijui nani alitoa amri, nadhani hakuna. Yowe likavuka bonde, likajibiwa. Moto ukawashwa mahali patatu, masufuria makubwa yakakaa, kuni zikaingia, debe la mahindi likaingia, benchi zikatoka kanisani juu ya vichwa vya watu. Vijana waliobaki walishapima kaburi, pale alipopaonyesha. Ndani ya saa moja palikuwa pamekamilika, kama nilivyojigamba.

Noah ilipopanda, mjomba alishuka wa kwanza. Alikuwa ameingiza mkono ndani ya koti, ameshikilia chupa kifuani isimwagike kwenye makorongo. Aliona moto. Aliona benchi. Watu walikuwa wanakimbia huku na huku, kila mtu na lake. Mmoja akamfikia mbio, anahema, jembe begani, akamwambia, "Mwenyekiti, kila kitu tayari, tuongeze turubai la pili?"

Mjomba akaitoa chupa, imejaa mpaka shingoni, akaiweka juu ya meza ya kitabu cha rambirambi. Na mtu yule ambaye hajawahi kumpandishia mtu sauti maishani mwake akapiga ukelele uliovuka bonde.

"Mnakimbilia nini sasa?"

Watu wakasimama walipo, na mizigo yao. Akauliza tena, safari hii kwa Kipare, akimwangalia mmoja mmoja usoni, na alipofika kwangu hakunipita.